Shaba Iliyokufa

"Huichukui. Mmechukua shati lake, mmechukua simu yake, mmechukua hata viatu. Bangili huichukui."

"Ni kielelezo, Mama Otmar."

"Kielelezo cha nini? Aliyemuua mmemfungia Tinde. Kasema mwenyewe alitia dawa. Unataka aseme mara ngapi?"

Serafina alikaa mkekani, mgongo ukutani, fundo la kanga amelibana kwa mikono miwili. Wanawake waliokuja kumliwaza walikuwa wamenyamaza ili wasikie vizuri. Mkaguzi Msaidizi Mwaisha Yasini wa upelelezi alichuchumaa mbele yake, viatu kaviacha mlangoni. Alianza kwa kuomba, akaomba tena. Sasa hakuwa anaomba.

"Sheria inaniruhusu kuichukua kwa nguvu."

"Chukua. Hawa wote watashuhudia polisi anavyomvua mjane kanga."

Mwanamke mmoja pembeni aliguna. Mwaisha aliwatazama, akaona hapo hapiti.

"Basi nionyeshe tu. Sitaigusa."

Serafina alifikiri kidogo, akalegeza fundo.

Ilikuwa bangili nene ya shaba, ya kusokotwa, aina ambayo babu wa Kisukuma humvisha mjukuu. Ilipaswa kuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi tii, wala si weusi wa moshi au uchafu. Weusi ulikuwa umeingia ndani ya shaba yenyewe, na pembeni kulikuwa na rangi kama mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya dimbwi.

"Umeona?" Serafina alisema. "Babu yake alimvisha ili uchawi ukija uishie hapo. Umekuja, shaba ikaupokea, ikashindwa. Mimi ni Mkatoliki wa Ushirombo, mambo haya nilikuwa nayacheka. Sicheki tena."

"Jioni ile alitokaje hapa?"

"Alipigiwa simu. Akaacha ugali nusu sahani. Alisema anakwenda mara moja, anarudi."

"Nani alipiga?"

"Sikuuliza. Wewe mumeo akipigiwa simu unauliza?"

"Ndiyo," Mwaisha alisema.

Asubuhi ya pili yake Maige, mumewe Serafina, alikutwa amelala kifudifudi ndani ya shimo la Jilala, mzee anayelainisha ngozi kwa magome ya migunga kando ya ngitili, malisho ambayo kijiji hufunga ili nyasi na miti ipumzike. Kabla ya jua kupanda, nyumba ya Jilala ilikuwa inawaka. Polisi waliwahi kumwokoa mzee, wakamfungia Tinde. Nyumba hawakuiwahi. Daktari aliutazama mwili, akaona kinywa kimejaa maji ya magome, akasema amekufa maji. Hakupasua. Simu ya marehemu ilikuwa imelowa ikafa, na kampuni ya simu ilikuwa bado haijajibu.

Kivuli kiliziba mlango. Ezekiel, kaka mkubwa wa Maige, alikuwa mwanamume mpana aliyezoea kutii na kutiiwa. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha ngozi cha barabarani, kulekule Maige alikokuwa fundi wa pampu. Buti zake za kazi zilikuwa mpya.

"Afande, tumekuheshimu," alisema. "Sasa tuheshimu na sisi. Ukoo umeshakaa. Bangili inashuka na mwenyewe leo saa kumi. Kitu kilichoshika uchawi hakirithiwi wala hakiwekwi kabatini kwa polisi."

"Nani alitoa hilo wazo?"

"Wazee."

"Wazee wana majina."

Ezekiel alitazama wanawake, kisha akamtazama yeye. "Mimi nilitoa. Wakakubali."

"Siku ile Maige alikwenda kazini?"

"Hakwenda. Haikuwa zamu yake. Muulize mlinzi. Pale kila mwenye bangili anaivua getini, anaitundika kwenye msumari wake, akitoka anaichukua. Msumari wa Maige ulikuwa mtupu kutwa. Hakuingia."

"Kwa nini mnazivua?"

"Mapipa ya kuzungushia ngozi yanashika mkono, afande. Sheria ya mashine."

Lilikuwa jibu zuri. Mwaisha alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni. Uani, chini ya turubai, jeneza lilikuwa juu ya meza na mafundi walikuwa wanachanganya zege la kaburi. Konstebo Ignas alikuwa ameshawasha gari.

"Umeipata?" aliuliza.

"Nimeiona. Twende Tinde."

* * *

Jilala aliletwa kaunta akiwa pekupeku, kichwa kimefungwa bandeji iliyoanza kuwa njano. Mikono yake ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi mpaka kwenye viwiko, na hilo sabuni ya mahabusu isingeweza kuliondoa.

"Mhola, mzee," Mwaisha alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola gani na nyumba imeungua." Akakaa. "Mhola duhu. Salama tu."

"Ulisema ulitia dawa shimoni."

"Nilisema, na nitasema tena. Nimetia dawa kwenye lile shimo tangu baba yangu yuko hai. Wakaniuliza, ulitia dawa? Nikasema ndiyo. Wakaniuliza, siku ile pia? Nikasema siku ile pia, ngozi zilikuwa mpya. Wakafunga kitabu, wakaniambia niweke dole gumba."

"Hakuna aliyekuuliza dawa gani?"

"Polisi wakisikia dawa na maiti, watauliza nini tena?"

"Mimi nauliza."

"Magome. Magome ya mgunga, yaliyotwangwa. Ngozi inakaa humo mpaka mwezi uzeeke na mwingine uzeeke, inatoka nyekundu, haiozi. Maji yake nikimaliza namwagia mihogo. Mbuzi wanakunywa, ukiwaacha."

"Ulimtisha Maige mnadani mbele ya watu."

"Nilimwambia maji unayoyamwaga yatakurudia. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha pampu. Usiku wanafungulia, asubuhi kwenye ngitili kuna utando mweupe kama chumvi na tope la rangi ya kijani. Migunga ya upande ule imekauka imesimama. Sasa magome nitayatoa wapi? Nilimwambia, ndiyo. Hata kaka yake nilimwambia. Nikawaambia nitawapeleka kwa watu wa mazingira."

"Kaka yake alisemaje?"

"Alicheka. Alisema mzee, wewe unatengeneza viatu viwili kwa mwaka, sisi tunavisha migodi yote ya Geita."

Ignas alikuwa ameweka vitu vya Jilala juu ya kaunta: kisu cha kukwangulia kilichofungwa kitambaa, mkanda aliojishonea, na bangili. Mwaisha aliichukua ile bangili, akaipeleka dirishani. Shaba ya kusokotwa, nene, sawasawa na aliyoiona kwenye kanga ya Serafina. Iling'aa kama imetoka kwa mhunzi.

"Hii unaivua ukifanya kazi?"

"Nimevishwa nikiwa sijaota ndevu. Mlionivua ni ninyi."

"Mikono inaingia shimoni na bangili ikiwemo?"

"Inaingia mpaka hapa." Alionyesha kiwiko. "Kila siku."

Mwaisha aliizungusha bangili mara nyingine mwangani.

"Ignas. Hii imekaa kwenye yale maji miaka yote ya mtu huyu. Ya Maige ilikaa usiku mmoja."

Ignas alitazama. "Labda ya Maige ilikuwa shaba mbovu."

"Labda. Au labda kilichoifanya nyeusi si lile shimo." Alitoa simu, akatoka nje kumpigia mkuu wa upelelezi wa wilaya.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa dalili mbaya.

"Mwaisha, daktari kasema maji. Mzee kakiri. Kesho asubuhi gari linamleta Shinyanga kusomewa shtaka la mauaji. Unajua mauaji hayana dhamana. Sasa wewe unataka nisimamishe mazishi ya watu kwa sababu shaba moja inang'aa na nyingine haing'ai?"

"Nataka mwili upasuliwe. Damu na mapafu yaende kwa Mkemia Mkuu. Akishazikwa itabidi tuombe amri ya kufukua, na Jilala atakuwa ameshaozea mahabusu akisubiri."

"Niletee kitu nitakachokisema mbele ya hakimu bila kuchekwa. Ukikosa, rudi ofisini. Mafaili yako mengine yanakulilia."

Akakata. Mwaisha alirudi kaunta, akamsainia Ignas kuchukua bangili ya Jilala kama kielelezo.

"Mzee, naiazima. Inaweza isirudi ilivyo."

"Nyumba haikurudi ilivyo," Jilala alisema. "Chukua."

* * *

Harufu ya kiwanda iliwapokea kabla ya bango: mayai viza, chumvi na nyama. Ignas alipandisha kioo, akakishusha, akapandisha tena. Hakukuwa na tofauti.

Kwenye kibanda cha mlinzi kulikuwa na ubao wenye misumari. Kwenye mingi zilining'inia bangili za shaba, moja juu ya jina, nyingine juu ya alama tu. Mlinzi, Nasibu, alikuwa kijana mwenye mdomo mwepesi.

"Duka la sonara hili, afande. Chagua."

"Wa Maige upi?"

Alimwonyesha. Msumari ulikuwa mtupu, na chini yake mtu alikuwa ameandika jina kwa chaki.

"Siku ile ulikuwa mtupu vilevile?"

"Kutwa. Nilimwambia na bosi. Hakupita hapa, haki ya Mungu."

"Mnazivua kwa ajili ya mashine?"

Nasibu akacheka. "Mashine? Nani kakwambia? Mashine tunashika hata na saa. Shaba tunavua kwa sababu humu inafia. Ukikaa nayo zamu nzima kule kwenye matangi, jioni ni mkaa. Sasa utakwenda kumwambia nini babu? Ndiyo maana tunaacha hapa."

"Kwa hiyo Maige asipopita hapa, hawezi kuivua."

"Hawezi. Lakini asipopita hapa kaingilia wapi?"

"Ndiyo nakuuliza."

Nasibu alianza kujibu, kisha akamwona meneja anakuja, akaokota fagio.

Nuruddin, meneja, alikuwa mtu safi wa Kahama, shati jeupe, tabasamu la duka. Alimkaribisha chai, Mwaisha akaikataa, basi akamtembeza. Alieleza vizuri, kama mtu aliyezoea kueleza wageni. Ngozi mbichi zinakuja zimetiwa chumvi. Zinalowekwa. Kisha zinakwenda kwenye chokaa na salfaidi, kemikali ya salfa, kuondoa manyoya. Alivuta ngozi moja ukingoni mwa pipa, akapitisha kidole cha glavu juu yake. Manyoya yalitoka yote, kama jivu linavyofutwa mezani. Ngozi ikabaki tupu na nyeupe.

"Zamani ilikuwa kisu na jasho," alisema. "Sasa inayeyuka yenyewe."

"Ya mtu je?"

"Samahani?"

"Manyoya ya mtu. Yanayeyuka?"

"Ndiyo maana wanavaa glavu, afande."

Baada ya hapo tindikali na chumvi, kisha kromu, kemikali inayofanya ngozi isioze, na ngozi zilitoka kwenye mapipa makubwa zikiwa za rangi ya bluu, zimelowa, zimepangwa kama makarai. Kazi ya Jilala ya miezi miwili, hapa ilikuwa ya siku mbili. Nyingi zingekwenda kuwa buti za wachimbaji.

"Watu wanatulaumu kwa kromu," Nuruddin alisema. "Viatu hivyo ulivyovaa, afande, ni kromu. Mkanda wako, kromu. Ukikamata wenye kromu, anza na wewe."

"Maji yanakwenda wapi?"

Tabasamu lilipungua. Alimpeleka nyuma.

Yalikuwa matangi mawili ya zege chini ya ardhi, yamefunikwa kwa mbao, ukuta mmoja katikati. Tangi la kwanza, Nuruddin alisema, lilipokea maji ya chokaa na salfaidi. La pili, maji ya tindikali na kromu. Kwenye ukuta wa katikati kulikuwa na kiraka cha saruji ambacho bado kilikuwa cheusi kwa unyevu.

"Hii saruji ni ya lini?"

"Ya wiki hii. Kulikuwa na ufa."

"Ufa, au tundu? Maji ya hapa yalikuwa yanavuka kwenda pale?"

"Mimi ni mtu wa biashara, afande. Mambo ya kemia..."

"Mtu wa biashara anajua kwa nini matangi yamejengwa mawili wakati moja ni rahisi. Maji haya mawili yakikutana yanatoa hewa inayoua."

Mwaisha alikuwa amefanya kazi Geita kabla ya kuhamishiwa Shinyanga. Aliwahi kutolewa kitandani kwenda kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, akakuta mtu amelala chini, na juu yake aliyeshuka kumwokoa, na juu ya huyo mwingine tena. Hakuna aliyekuwa na jeraha. Hewa ndiyo iliyowaua. Aliinama, akachukua kamba ya katani iliyofunga mbao, akafungia bangili ya Jilala, akaipitisha kwenye mwanya wa tangi la kwanza mpaka iguse maji.

"Usiiname sana," Nasibu alisema kwa nyuma. Alikuwa amewafuata na fagio lake. "Ikinuka uko salama. Ikiacha kunuka, toka mbio."

"Nasibu, rudi getini," Nuruddin alisema.

Mwaisha aliivuta kamba. Alisubiri kidogo tu. Bangili iliyong'aa Tinde asubuhi ilipanda ikiwa nyeusi, na pembeni ina rangi ya mafuta juu ya dimbwi.

Ignas alisema kitu kwa Kisukuma ambacho hakikuwa cha kikazi.

"Hii inaonyesha maji ni machafu," Nuruddin alisema haraka. "Sikatai. Watu wa mazingira waje, wanitoze faini, nitalipa. Lakini Maige hakuwepo. Msumari mmeuona."

"Nimeuona. Msumari mtupu unaniambia hakupita getini. Bangili nyeusi inaniambia alifika hapa. Niambie njia nyingine ya kuingilia."

Nuruddin alitoa leso, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Kuna lango la nyuma. La ngozi mbichi."

"Ufunguo?"

"Mmoja. Wa msimamizi wa zamu."

"Siku ile msimamizi nani?"

"Mimi sikuwepo, afande. Nilikuwa Nyahanga, arusi ya mdogo wangu, watu mia wameniona. Niliporudi niliambiwa pampu ilikuwa imeziba na imeshazibuliwa. Basi."

"Nani alikwambia?"

"Ezekiel."

"Na wewe hukuuliza aliizibua nani, wakati fundi wa pampu alikutwa amekufa asubuhi ileile?"

Nuruddin alitazama ngozi zake za bluu. "Ningeuliza, ningejibiwa," alisema. "Nina wafanyakazi wengi hapa, afande. Wote wana watoto."

"Hakuna mtu kushuka kwenye tangi lolote mpaka nirudi. Akishuka mmoja, nitakuandikia la kwako."

* * *

Katekista alikuwa anamalizia wimbo walipofika. Jeneza lilikuwa juu ya kamba mbili, wanaume wanne wameshika, Ezekiel mmoja wao, upande wa kichwani. Mwaisha alipita katikati ya watu. Hakukimbia, na hakuomba njia.

"Shikeni hapohapo," alisema.

Wimbo ukafa kipande kipande. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama sasa polisi wanazika pia.

Mwaisha alikwenda mbele ya Serafina, akamnyooshea kamba yenye bangili.

"Hii ni ya Jilala. Asubuhi ilikuwa inang'aa, Konstebo huyu ni shahidi. Imekaa kwenye shimo la magome maisha yake yote, haikubadilika. Nimeitumbukiza kwenye tangi la kiwandani, imekuwa hivi nikiwa nimesimama. Toa yako uilinganishe."

"Afande, hapa ni makaburini," Ezekiel alisema.

"Najua mahali nilipo."

Serafina hakutoa kitu. Aliitazama ile bangili nyeusi, akauliza swali ambalo Mwaisha hakulitarajia.

"Yale maji yanafanya nini kwenye nywele?"

"Yanaziyeyusha. Ndiyo kazi yake."

"Niliomba nimfute uso mwenyewe," Serafina alisema. Alikuwa anaongea polepole, kama anamsomea mtu asiyejua kusoma. "Nilipopitisha kitambaa, nyusi zake zilitoka. Zote. Zikabaki kwenye kitambaa. Sikumwambia mtu. Nilidhani wamemnyoa wachawi." Akageuka. "Shemeji. Ni wewe ulimpigia simu?"

Ezekiel alikuwa bado ameshika kamba.

"Acha haya mpaka tumalize," alisema.

"Aliacha ugali. Ni wewe?"

"Pampu ilikuwa imeziba," Ezekiel alisema. "Tope lilikuwa linapanda. Hakuna mwingine anayeiweza, na haikuwa zamu yake, nikamwingiza kwa nyuma ili mlinzi asimwandike. Alishuka ngazi mbili tu za tangi. Hakupiga hata kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala upande kwenye tope. Mimi nilikuwa juu. Ningeshuka tungekuwa wawili."

"Ukamwacha," Serafina alisema.

"Nilimvuta kwa kamba ya ngozi. Alikuwa ameshakufa, Mama Otmar. Naapa alikuwa ameshakufa." Sauti yake ikapanda. "Angejulikana amefia ndani, kiwanda kingefungwa. Tazama hawa waliosimama hapa. Wewe mwenyewe shati la shule la Otmar limetoka wapi? Wote tunakula pale. Jilala alikuwa anataka kutufungia, kwa ajili ya miti. Miti. Nikasema basi, yeye ni mzee, hana mtoto anayemtegemea..."

Hakumaliza. Mzee aliyeuliza kuhusu polisi kuzika alikuwa anatazama ardhi. Baadhi ya vijana nao, maana waliobeba moto kwenda kwa Jilala walikuwa miongoni mwao.

"Uliwaona wakiichoma nyumba yake," Mwaisha alisema.

"Niliwaona."

"Ulikuwa nao?"

Kijana mmoja nyuma akajibu badala ya Ezekiel: "Kibiriti kilikuwa chake."

Simu ya Mwaisha iliita. Ilikuwa ya mkuu. Aliitazama, akaizima, akaiweka mfukoni. Mkuu angemwambia asubiri kibali, na kibali kingefika kesho, na kesho zege lingekuwa limekauka. Alikuwa na maneno ya mtu, ambayo mahakamani mtu huyakana. Aliyekuwa na jibu lisilokanika alikuwa ndani ya jeneza.

"Hazikwi leo," alisema. "Lirudisheni juu. Linakwenda hospitali Shinyanga, na safari hii atapasuliwa."

Minong'ono ikapita watu wote. Wanaume wenye kamba walimtazama Ezekiel, kisha wakamtazama mjane.

Serafina alifungua fundo la kanga. Alitoa bangili, akaiweka mkononi mwa Mwaisha, bila kumgusa vidole.

"Wenzako hufukua aliyezikwa," alisema. "Wewe umemfukua hajazikwa."

"Ndiyo."

"Na ukimaliza nani atanilisha? Huyu aliyemuua ndiye aliyebaki."

Mwaisha aliifunga bangili kwenye mfuko wa vielelezo pamoja na ile ya Jilala, akampa Ignas.

"Piga Tinde. Waambie gari la kesho lina mtu wa kupeleka Shinyanga, lakini si Jilala. Mzee atolewe mahabusu sasa hivi, waandike kwa amri yangu, jina langu lote. Wamtafutie pa kulala."

"Mkuu je, afande?"

"Mkuu nitamjibu mimi."

Akachomoa pingu, akamfunga Ezekiel mkono mmoja tu, ule wa kushoto, na ncha ya pili akaiacha wazi ikining'inia.

"Mkono huo mwingine una kazi," alimwambia. "Safari ile ulimbeba peke yako mpaka kwa Jilala. Leo una watu watatu wa kukusaidia. Shika."

Ezekiel alishika. Jeneza likainuliwa kutoka kwenye mdomo wa kaburi, likapita katikati ya waombolezaji, likapakiwa nyuma ya gari la polisi. Mwaisha alimpandisha Ezekiel kando ya jeneza, akafunga ncha ya pili ya pingu kwenye mpini wake, akagonga bodi mara mbili ili Ignas aondoe gari.